Jeshi la kigeni likishika mji wenu: haki zenu raia na namna ya kuzishikilia

Jeshi la nchi nyingine likiingia mji likaushika, serikali ikakimbia, watu wengi wanaona basi tena, sheria imekwisha na kilichobaki ni bunduki. Imani hiyo inawaumiza watu sana manake mtu akiamini hana haki hata haulizi, anatoa gari lake, anasaini karatasi asiyoisoma, mtoto wake anachukuliwa na yeye hajui aende kuripoti wapi. Siku amri ya mgeni inapoanza kufanya kazi mtaani, sheria ya ukaliaji, yaani sheria ya eneo lililoshikwa na jeshi la kigeni, nayo inaanza siku hiyohiyo. Nazungumzia Kanuni za The Hague za 1907 na Mkataba wa Nne wa Geneva wa tarehe 12 Agosti 1949, na huo wa Geneva nchi zote duniani zimeukubali, kwa hiyo hakuna kamanda wa kusema kwetu haupo. Iko pia Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya 1977, hiyo kuna nchi hazijaingia ila sehemu kubwa ya yaliyomo inahesabika kuwa desturi ya kimataifa inayombana kila mtu.

Karatasi haizuii risasi, hilo nalisema mapema. Uko kwenye kizuizi cha barabarani usiku, mbele yako askari kalewa, usianze kumsomea vifungu. Nyamaza, toa kitambulisho, pita, uhai kwanza. Nguvu ya sheria hii iko kwingine, iko kwenye majina na maandishi. Mtu aliyeandikwa jina mahali ni vigumu kumpoteza kimyakimya, na mali yenye risiti inabaki na mwenyewe hata ikipita miaka mingi. Ndo maana huko chini karibu kila sehemu nitakuuliza kitu kilekile, je imeandikwa, na nakala iko kwa nani.

Kwanza jueni kama mko chini ya ukaliaji

Kipimo ni nani anaamua mambo. Kifungu cha 42 cha Kanuni za The Hague kinasema eneo limekaliwa pale ambapo kweli liko chini ya mamlaka ya jeshi la adui. Angalia nani anafunga na kufungua barabara, nani anatoa vibali, meya mpya kateuliwa na nani, polisi wanasikiliza amri ya nani. Wala si lazima kuwe na mapigano, hata wakiingia bila risasi moja kupigwa Mkataba wa Nne unafanya kazi. Wala si lazima wao wakubali. Watasema wamekuja kukomboa, watasema wamealikwa, saa ingine watatangaza kwamba huo sasa ni mkoa wa nchi yao, na kifungu cha 47 cha Mkataba huo wa Nne (na huko chini nikitaja kifungu bila kusema cha wapi, ni cha Mkataba huo) kinajibu hapohapo kwamba hata wakiliunganisha eneo na nchi yao haki zenu za mkataba haziondoki.

Mfano mzuri ni Ituri, mashariki mwa Kongo. Kongo iliishtaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 19 Desemba 2005 majaji wakasema Uganda ilikuwa dola inayokalia Ituri. Kati ya vitu walivyovitazama ni kwamba kamanda wa jeshi la Uganda alianzisha mkoa mpya wa Kibali-Ituri akauteulia na gavana mwaka 1999. Wakasema na jambo lingine ambalo natamani kila raia alijue, kwamba jeshi lililoshika eneo halitakiwi kuishia kujizuia lenyewe kuua na kupora, lina wajibu wa kuwalinda watu hata dhidi ya makundi mengine yanayofanya ukatili hapo. Kwa hiyo kamanda akiwaambia wazee wa mtaa "hao walioua si watu wetu" bado hajajitoa. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325, yaani 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali na 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Sehemu kubwa ya hukumu hiyo inazungumzia ushahidi, nani aliuawa, wapi, nyumba gani ilichomwa, na kwa mengi ushahidi wa kutosha haukuwepo ndo maana majaji wakaishia kukadiria kwa jumla. Hayo yanatakiwa yawe kwenye daftari la mtaa tangu wiki ya kwanza, si kutafutwa baada ya miaka ishirini.

Kama walioshika mji ni waasi wa nchi hiyohiyo hesabu inabadilika. Hapo linalofanya kazi kwa kawaida ni kile kifungu cha 3 kinachofanana kwenye Mikataba yote minne ya Geneva, na saa ingine Itifaki ya Pili ya 1977. Hata hivyo kuua wasiopigana, kutesa, kuteka watu na kuhukumu bila mahakama halali ni marufuku vilevile. Na waasi hao wakiwa wanaendeshwa na nchi nyingine kutoka nyuma, sheria ya ukaliaji inaweza kumfikia yule anayewaendesha. Raia hauwezi kulimaliza bishano hilo mwenyewe, waachie wanasheria, wewe andika nani alitoa amri gani, kavaa sare gani, anaongea lugha gani, gari lina namba gani.

Mpaka wa ulinzi wako

Mkataba unamlinda mtu aliyeko mikononi mwa nchi ambayo yeye si raia wake. Ulinzi dhidi ya kushambuliwa unaupoteza kwa muda wote unaoshiriki moja kwa moja kwenye mapigano. Kuna sheria inayowatambua kama wapiganaji watu wanaochukua silaha ghafla adui anapokaribia, ila hiyo ni kwa eneo ambalo bado halijashikwa, mji ukishashikwa haiwasaidii tena. Simsemi vibaya mtu kwa uamuzi wake, nataka ajue tu anasimama wapi.

Na simu yako iangalie. Picha za vifaru na kambi zao zikikutwa humo unaweza kuhesabiwa jasusi, na kifungu cha 5 kinaruhusu mtu anayeshukiwa hivyo anyimwe mawasiliano na nje kwa muda, ingawa bado lazima atendewe kiutu na akishtakiwa apate kesi ya haki. Rekodi ya madhara waliyopata raia ni kitu kimoja, kupeleleza jeshi ni kitu kingine kabisa, usichanganye hivi viwili kwenye simu moja.

Pia hawaruhusiwi kukulazimisha uwape habari, iwe kwa kipigo au kwa vitisho, kifungu cha 31 kimekataza. Kuwalazimisha watu kuapa utii kwa dola yao kumekatazwa na kifungu cha 45 cha Kanuni za The Hague.

Nyaraka, na hapa msifanye haraka

Kusanyeni vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, cheti cha ndoa, hatimiliki ya kiwanja au mkataba wa nyumba, vyeti vya shule, kadi za kliniki, kadi ya gari. Pigeni picha kila kimoja, afu tumeni kwa mtu mnayemwamini aliye nje ya eneo lililoshikwa, ndugu au rafiki, na aweke sehemu mbili tofauti. Nyumba nayo pigeni picha nje na ndani, chumba kwa chumba, wakati bado imesimama. Karatasi halisi zifungeni kwenye nailoni muwe nazo karibu na mlango.

Watoto wadogo wanahitaji kitu zaidi. Kifungu cha 24 kinataka watoto chini ya miaka 12 wawe na utambulisho wa kuvaa au wa namna nyingine, na hilo hamna haja ya kumsubiri mtu. Shona kitambaa ndani ya nguo chenye jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi na namba ya simu ya mtu wa nje. Kitambaa hicho ndo kitamrudisha mtoto kwenu siku mkipotezana kwenye msongamano. Kifungu cha 50 kinalitaka jeshi lililoshika eneo lirahisishe kutambuliwa kwa watoto na kuandikwa wazazi wao ni nani, na halina ruhusa ya kuwabadilishia hadhi yao wala kuwaandikisha kwenye vikundi vyake.

Mtoto akizaliwa wakati wa ukaliaji watu wanajiuliza kama wakimwandikisha ofisi iliyo chini ya adui ni kama wameutambua utawala wake. Waandikisheni. Mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kuhusu Namibia, ambayo Afrika Kusini ilikuwa imeing'ang'ania kinyume cha sheria, ikasema utawala ule ni batili lakini ubatili huo usifike kwenye vitu kama kuandikisha kuzaliwa, kufa na ndoa, kwa sababu ukivifuta hivyo anayeumia ni mwananchi. Kwa hiyo chukua cheti cha ofisi hiyo, lakini chukua pia karatasi ya hospitali au ya mkunga yenye sahihi na mhuri kama upo, na majina ya mashahidi wawili, ili baadaye serikali yenu ikigoma kukipokea cheti chao uwe na njia nyingine ya kumthibitisha mtoto. Hivyo hivyo kwa msiba, usizike bila kuandika jina, tarehe, sababu ya kifo na kaburi liko wapi.

Pasi zao ni suala zito zaidi. Kuna mahali mtu anaambiwa bila kuchukua uraia wetu hupati dawa, hupati pensheni, mtoto hasomi. Huo ni ulazimishaji. Ukilazimika kuchukua ili mgonjwa wako aishi usijione msaliti, na wengine wasikuite hivyo, manake kifungu cha 8 kinasema mtu aliyelindwa hawezi kuzikana haki zake kwa hali yoyote, hata akisaini. Andika siku hiyohiyo ulinyimwa nini, na nani, wapi, alisema maneno gani, afu tuma nje.

Wakija kuchukua mali

Uporaji ni marufuku moja kwa moja, kwenye The Hague na kwenye Geneva, hamna kisingizio cha njaa ya askari. Lakini sheria inaliruhusu jeshi kuchukua baadhi ya vitu na huduma kwa masharti, na ukiyajua masharti unajua mstari uko wapi. Lazima iwe amri ya kamanda wa eneo, si askari aliyejiamulia, iwe kwa mahitaji ya jeshi lililoko hapo tu, isizidi uwezo wa eneo, na walipe taslimu, wakishindwa watoe risiti na deni lilipwe haraka iwezekanavyo. Chakula na dawa wasiguse kabla ya kuhesabu mahitaji ya raia. Magari, redio na vyombo vingine vya usafiri na mawasiliano wanaweza kuvishika hata kama ni vya mtu binafsi ila amani ikirudi wavirudishe na fidia juu. Mali ya shule, misikiti, makanisa na taasisi za hisani inahesabika kama mali ya mtu binafsi hata kama ni ya serikali.

Kwa hiyo wakija, kwa sauti ya upole, omba risiti. Iwe na tarehe, mahali, kitu chenyewe na idadi, thamani, jina na cheo cha aliyechukua, kikosi, sahihi. Akikasirika acha, usigombane. Wakishaondoka kaa chini uandike mwenyewe risiti hiyo kwa mkono wako siku ileile, majirani wawili waliokuwepo waweke majina na sahihi kama hawaogopi, piga picha, tuma. Karatasi ya siku ileile hakimu anaipa uzito tofauti kabisa na hadithi ya miaka kumi baadaye.

Na karatasi za namna hii zinalipa kweli. Iraq ilipoikalia Kuwait kuanzia Agosti 1990 hadi Februari 1991, Umoja wa Mataifa uliunda Tume ya Fidia mwaka 1991, madai kama milioni 2.7 yakapelekwa na mwisho ikalipa dola bilioni 52.4 kwa walalamikaji kama milioni 1.5, malipo ya mwisho yakatoka Januari 2022. Wengi walikuwa wafanyakazi wa kigeni waliokimbia wakaacha kila kitu. Kule Cyprus bi Titina Loizidou alikuwa na viwanja Kyrenia kaskazini ya kisiwa, jeshi la Uturuki lilipoingia 1974 hakuweza tena kuvifikia, akaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mwaka 1996 ikasema bado ni mmiliki halali, na mwaka 2003 Uturuki ikamlipa. Miaka hiyo yote alishikilia kwamba viwanja ni vyake na nyaraka zilimuunga mkono.

Kubomoa nyumba je? Kifungu cha 53 kinakataza kuharibu mali isipokuwa operesheni za kijeshi zenyewe zimelazimisha kabisa. Kubomoa nyumba ya familia kwa sababu kijana wao alifanya kitu siku fulani hiyo ni adhabu ya pamoja, kifungu cha 33 kimeikataa, hakuna mtu anaadhibiwa kwa kosa ambalo hakulifanya mwenyewe. Kuteka watu ili wengine watulie nako ni marufuku, kifungu cha 34, kina mstari mmoja tu na hakina "isipokuwa".

Kulazimishwa kazi na kuhamishwa

Kazi ya lazima ina mipaka yake. Chini ya miaka 18 hapana. Zaidi ya hapo wanaweza kukutaka ufanye kazi za mahitaji ya jeshi lao la hapo au za kuwahudumia wananchi kama maji, chakula, afya, usafiri, kwa mshahara wa haki na ndani ya eneo hilohilo. Kukubebesha risasi kupeleka mstari wa mbele au kukuingiza jeshini mwao hawaruhusiwi, hata kampeni za kushawishi watu wajiunge kwa hiari zimekatazwa na kifungu cha 51. Mtumishi wa umma au hakimu anayekataa kuendelea na kazi kwa sababu ya dhamiri asiadhibiwe kwa hilo.

Kuhamisha watu ndo jambo la kulishika kwa mikono miwili. Kifungu cha 49 kinakataza kuwahamisha raia kwa nguvu, mmoja mmoja au kwa makundi, kuwatoa eneo lililokaliwa kuwapeleka nchi ya jeshi hilo au nchi yoyote nyingine, kwa sababu yoyote ile. Wanachoruhusiwa ni kuwaondoa watu kwa muda pale usalama wao au sababu nzito za kijeshi zinapodai, na hapo wawaweke sehemu yenye hali nzuri, familia zisitenganishwe, na mapigano yakitulia mahali hapo mrudishwe kwenu. Kifungu hichohicho kinawakataza kuleta raia wao kuja kuishi kwenye ardhi yenu, na Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai unauita huo uhalifu wa kivita.

Mabasi yakija: andikeni orodha ya wanaopanda, namba za magari, saa, na wametamka yanakwenda wapi. Familia mshikane, kila mtu awe na namba ya simu ya nje kichwani, sio kwenye simu tu. Mkipewa fomu inayosema "naondoka kwa hiari yangu" msisaini kama kukataa hakuhatarishi maisha, na aliyesaini chini ya bunduki aandike baadaye kwamba alisaini chini ya bunduki, hiari ya hivyo majaji hawaihesabu.

Mtu wenu akikamatwa

Saa za mwanzo ndo zenye thamani kubwa. Mtu mmoja wa familia apewe kazi ya kuandika: jina kamili hadi la babu, tarehe ya kuzaliwa, saa na mahali alipokamatwa, alivaa nini, dawa anazotumia, waliomchukua walikuwa na sare gani, gari namba gani, walielekea wapi. Afu nendeni sehemu tatu bila kuchelewa. Kwanza kwenye ofisi ya jeshi hilo au utawala wake, mkiweza nendeni na mzee wa mtaa au kiongozi wa dini, muulize yuko wapi na anashikiliwa kwa lipi, na mbaki na nakala ya barua mliyopeleka. Pili kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC, au chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu cha nchi yenu, wafungue faili la kumtafuta. Tatu kwa wakili au shirika la haki za binadamu.

ICRC ina haki chini ya mkataba ya kuwatembelea wanaoshikiliwa na kuongea nao bila shahidi, hata kama kwa ukweli wake milango mingine inafungwa usoni mwao. Kazi yao ni ya siri na hawatoi ushahidi mahakamani, ndo maana wanaruhusiwa kuingia wengine wanakokataliwa. Kwa hiyo msiwape wao kila kitu mkidhani wataipeleka kesi mbele. Faili la kumtafuta mtu liko kwao, faili la kesi liko kwa mawakili na wachunguzi. Wekeni mawili.

Kuna njia mbili za kumshikilia raia na haki zake ni tofauti kidogo. Ya kwanza ni kumshtaki. Hapo lazima sheria waliyoitumia iwe ilitangazwa na kuandikwa kwa lugha ya wananchi, na isihukumu lililofanyika kabla haijatangazwa, hiyo ni kifungu cha 65. Lazima aambiwe mashtaka haraka, kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa. Mahakama yao ya kijeshi iwe ndani ya nchi iliyokaliwa, awe na wakili anayemchagua, alete mashahidi, awe na mkalimani, na aelezwe haki yake ya rufaa. Mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa kosa hawezi kuhukumiwa kifo, na hukumu ya kifo kwa kawaida haitekelezwi kabla ya miezi sita tangu Dola Mlinzi kuarifiwa, yaani nchi isiyo kwenye vita inayoteuliwa kusimamia maslahi ya upande mmoja. Kwa vita vya siku hizi Dola Mlinzi karibu haiteuliwi tena, hivyo mlango wenu wa kweli ni ICRC.

Njia ya pili ni kumweka kizuizini bila kesi, na hii ndo inaficha watu wengi. Kifungu cha 78 kinairuhusu kwa sababu za lazima za usalama tu, kwa utaratibu wenye rufaa, na rufaa iamuliwe bila kuchelewa. Akibaki ndani, suala lake liangaliwe tena kila baada ya muda, ikiwezekana kila miezi sita. Weka alama kwenye kalenda. Ikikaribia miezi sita andika barua ya kuomba mapitio hata kama hamkujibiwa ile ya kwanza, barua isiyojibiwa nayo ni ushahidi. Ndani ya wiki moja tangu afike kizuizini anatakiwa apewe nafasi ya kuwaandikia kadi ya kuwajulisha aliko na hali yake, na wakipunguza barua zake zisishuke chini ya barua mbili na kadi nne kwa mwezi. Kadi isipofika, iambieni ICRC kwamba haijafika, msidhani wanajua.

Kwa wote, walioshtakiwa na waliohukumiwa, gereza liwe ndani ya eneo lililokaliwa, si kuvushwa mpaka. Wanawake walale sehemu yao na walindwe na wanawake. Mgonjwa atibiwe. Wana haki ya kupokea angalau kifurushi kimoja cha misaada kila mwezi.

Ubakaji

Kifungu cha 27 kinataja kwa jina kwamba wanawake walindwe dhidi ya kubakwa na kulazimishwa ukahaba, na Mkataba wa Roma unahesabu ubakaji kuwa uhalifu wa kivita, wanaume na wavulana nao wanalindwa. Sheria ni hiyo, ila kinachotangulia ni afya. Fika kituo cha afya ndani ya saa 72, hapo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU bado zinafaa na mapema zaidi ni bora zaidi, na dawa ya kuzuia mimba ya dharura inafaa hadi siku tano. Hata siku hizo zikipita nenda, kuna matibabu mengine. Nguo za siku hiyo usizifue, zikauke, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na sio wa plastiki. Mwombe daktari aandike alichokiona hata kama wewe leo hutaki kesi, uamuzi wa kesi unabaki wako na hauna haraka. Na ninyi ndugu na majirani, msimhoji mtu huyu kila mgeni akifika, asimulie mara moja kwa mtu mwenye ujuzi basi.

Kurekodi bila kuua shahidi

Tenganisha ulichokiona kwa macho na ulichosikia, andika wazi "niliona" au "niliambiwa na". Picha na video zibaki kama zilivyotoka, usikate, usiongeze maandishi wala muziki. Kabla ya kupiga kitu cha karibu piga kwanza kitu cha kuonyesha mahali, mnara, duka, makutano, ili mtu wa mbali athibitishe ni pale. Usirushe mtandaoni. Najua hasira inakusukuma, lakini ukirusha unamuonyesha adui sura ya shahidi wako, mitandao inaweza kuifuta, na ikipita huko data za ndani ya picha zinapotea. Tuma faili halisi kwa mtu wa nje kwa njia iliyofungwa kwa siri, hakikisha imefika, futa kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Jina la shahidi lisikae kwenye faili moja na maelezo yake, na usimfundishe la kusema hata kama unaona anasahau.

Mtu yeyote anaweza kupeleka taarifa kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo imeanza kazi 2002 na makosa yake hayaozi kwa kupita miaka. Tume za uchunguzi za Umoja wa Mataifa nazo hupokea. Barani Afrika iko Tume ya Haki za Binadamu na Watu kule Banjul na mahakama yake Arusha. Na kifungu cha 146 kinazibana nchi zote kuwatafuta waliofanya ukiukaji mkubwa na kuwashtaki kwao bila kujali uraia, maana yake mtesaji wa mji wenu anaweza kukamatwa siku kaenda kutibiwa nchi nyingine kabisa.

Chakula na dawa msiombe kama fadhila. Kifungu cha 55 kinalipa jeshi lililoshika eneo wajibu wa kuhakikisha vipo kwa uwezo wake wote, na wananchi wakiwa hawatoshelezwi kifungu cha 59 kinalilazimu likubali misaada iingie. Kamati ya mtaa iandike barua yenye idadi ya watu, wagonjwa wa kisukari wangapi, wajawazito wangapi, maziwa na dawa zilizobaki ni za siku ngapi, impelekee kamanda na nakala mashirika ya misaada.

Jeshi likiondoka

Kifungu cha 77 kinataka walioshtakiwa au kufungwa na mahakama zao wakabidhiwe, pamoja na majalada yao, kwa mamlaka ya eneo lililokombolewa. Kuweni pale na orodha yenu, linganisheni jina kwa jina, aliyepungua aulizwe siku hiyohiyo kabla magari hayajaondoka. Ofisi zao zikibaki wazi msichome karatasi, zilindeni, humo ndimo yamo majina ya waliokamatwa na ya waliotoa amri. Makaburi yasiyojulikana msiyafukue wenyewe, wekeni alama na uzio, subirini wataalamu.

Faili mlilofungua ICRC haliishi kwa sababu vita imeisha. Mkihama au mkibadilisha namba ya simu rudini muwaambie, na mtaje namba ya faili, jibu likipatikana watakuwa wanawatafuta ninyi.